Kidole cha Nabalayo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nabalayo aliketi kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, soksi zikiwa begani, akajipaka mafuta miguuni. Alichota kidogo kwa ncha ya kidole, akasugua magoti mpaka yakang'aa. Asubuhi za Julai jijini Nairobi zina baridi kavu inayopausha ngozi, na katika darasa lao la saba hapakuwa na aibu iliyozidi ile ya kufika gwaride na miguu myeupe kama iliyomwagiwa majivu.

Mafuta hayo yalikuwa krimu iliyotengenezwa na mama yake mwenyewe, Triza, papo hapo jikoni kwao Donholm. Kiwanda cha nguo alikokuwa akishona Mama Triza kilifungwa mwaka wa 1995. Baada ya miezi kadhaa ya kukaa nyumbani, alijifunza kutengeneza krimu katika kikundi cha akina mama kanisani. Ilikuwa krimu laini, nyeupe, yenye harufu ya limau. Majirani waliipenda hata wakaanza kumwita Mama Mafuta, naye aliitika kwa tabasamu.

Asubuhi hiyo Nabalayo alikuwa amemaliza mguu mmoja tu mlango uliposukumwa bila hodi. Jirani yao Teresiah, aliyejulikana na wote kama Mama Wanja, aliingia na mtoto wake wa miezi minane kiunoni na kikopo cha krimu mkononi.

"Triza! Uko wapi? Njoo uone ulichoniuzia."

Mama Triza alitoka chumbani akijifunga leso. Mama Wanja alikitua kikopo mezani, akakifungua. Nabalayo alinyoosha shingo. Juu ya ile krimu nyeupe palikuwa na madoa meusi na ya kijani, kama mkate uliosahauliwa kabatini. Harufu ya limau ilikuwepo bado, lakini chini yake ilipanda harufu ya kitambaa kilichokaa siku nyingi kikiwa na maji.

"Na si hayo tu," Mama Wanja alisema, sauti ikianza kukatika. Alifunua shati la mtoto. Kifua chote kilikuwa na vipele vyekundu. "Siku tatu nampaka hii kitu nikidhani ni baridi inamsumbua. Leo ndiyo nimefungua pazia nikaona vizuri ninachompaka mtoto wangu."

"Lakini, Mama Wanja, haya ni mafuta!" Mama Triza alishangaa. "Tangu lini mafuta yakaoza? Nyanya yangu kule Bungoma aliweka samli mwaka mzima na haikuota hata doa."

"Basi samli ya nyanya yako si hii."

Akageuka, akaenda zake zahanati. Mama Triza alibaki amesimama, mkono mmoja ukiwa bado kwenye fundo la leso. Nabalayo alivaa soksi, akaenda shule na mguu mmoja uliong'aa na mwingine uliopauka.

Njiani alikumbuka jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Wiki mbili zilizopita mama yake alikwenda Eastleigh kununua vikopo, akaacha krimu kwenye sufuria ipoe, imefunikwa kwa kitambaa cheupe. "Usiiguse," alimwambia. Nabalayo alikuwa ametoka kuosha vyombo na mikono ilimwuma kwa kukauka. Alifunua kitambaa, akachovya kidole kilichokuwa bado kinadondoka maji ya vyombo. Akachovya tena, na tena. Kisha akasawazisha juu kwa kijiko ili pasionekane alama. Kikopo cha Mama Wanja kilijazwa kutoka sufuria hiyo.

Habari ilikuwa imefika shuleni kabla yake. Maingi, mvulana aliyeishi mstari mmoja na wao, alimngoja langoni.

"Niaje, Naba! Mbona mguu mmoja uko poa na mwingine umepauka? Ama huo mwingine ndio ulipakwa ukungu?"

Wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega. Nabalayo alipita katikati yao, akaingia darasani.

Jioni alimkuta mama yake ameketi mezani mbele ya vikopo kumi na tisa. Mama Triza alikuwa amepita nyumba kwa nyumba siku nzima, akiwaeleza wateja wake ukweli na kuwaomba wamrudishie krimu. Kati ya vikopo hivyo, tisa vilikuwa na madoa. Mtoto Wanja alikuwa amepewa dawa zahanati, na muuguzi alisema vipele vingepona, ila asipakwe krimu hiyo tena.

"Wehliye nitamwambia asingoje," Mama Triza alisema bila kuinua macho. Wehliye alikuwa mwenye duka kule Eastleigh aliyekubali kuuza krimu yake, na alitaka katoni tatu za kwanza mwisho wa Agosti. "Mimi nimeacha. Nitatafuta kibarua cha kufua."

Sufuria kubwa ya krimu ilikuwa imefudikizwa sakafuni. Nabalayo aliitazama. Kiwanda kilipofungwa, mama yake aliacha kuimba. Alianza kuimba tena siku alipokoroga krimu ya kwanza. Je, angenyamaza tena? Na kwa sababu ya kidole chake?

"Hodi," sauti ndogo iliita mlangoni.

Alikuwa Kanyiva, msichana aliyepanga chumba cha nyuma. Kanyiva alikuwa amesomea kemia chuoni, na sasa alifanya kazi katika maabara ya kiwanda kimoja cha sabuni. Alikuwa mwenye haya mno. Aliposalimia watu alitazama viatu vyake, kana kwamba ndivyo vilivyoulizwa habari.

"Shikamoo, Mama Naba. Nimesikia kwa Mama Wanja. Naweza… kuona kikopo kimoja?"

Alikifungua, akanusa, akakigeuza kwenye mwanga. "Nilikuwa nataka…" alianza, kisha akanyamaza. "Basi. Hebu niambieni, mnaitengenezaje?"

Nabalayo ndiye aliyejibu, kwa maana kazi ya kupima ilikuwa yake. "Vikombe saba vya maji, Anti, vikombe viwili vya mafuta, na nta ya kuvishikanisha."

"Kwa hiyo kitu kilicho kingi zaidi ndani ya kikopo ni nini?"

Nabalayo alifikiri. "Maji."

Mama Triza alimtazama binti yake, kisha akakitazama kikopo kama mtu aliyetambulishwa kwake upya. "Ngai! Kumbe hawa watu wote nimekuwa nikiwauzia maji!"

"Sote tunaita mafuta, hata mimi," Kanyiva alisema. "Jina ndilo linalotuchezea. Samli haina maji, kwa hiyo ukungu na vijidudu havipati pa kuishi. Krimu imejaa maji. Kwao ni kama nyumba yenye chakula na mfereji."

"Lakini niliweka dawa ya kuhifadhi! Nilipasua vidonge vya vitamini E, vile tulivyofundishwa."

"Hivyo vinahifadhi mafuta yasichache na kunuka, Mama Naba. Ukungu hauvijali kabisa. Unahitaji kihifadhi cha kuzuia vijidudu."

Mama Triza alikunja uso. "Sawa. Lakini nimepika krimu mara sita. Hizo tano hazikuota chochote, ziliisha zikiwa safi. Mbona hii tu?"

Hakuna aliyemtazama Nabalayo. Angeweza kunyamaza, na swali lingepita kama lilivyokuja. Lakini Kanyiva alikuwa amekunja paji la uso, akitafuta jibu, na Nabalayo aliona kwamba wangelitafuta mahali ambapo halikuwepo.

"Ni mimi," alisema. "Mama, ni kidole changu. Nilichovya siku ile ulipokwenda Eastleigh. Nilikuwa nimetoka kuosha vyombo. Nilichovya mara tatu." Machozi yalianza kumtiririka. "Mimi ndiye nimemfanya mtoto awe na vipele."

Mama Triza alimgeukia. "Nilikwambia usiguse."

"Ndiyo, Mama."

"Na ukasawazisha juu nisione."

"Ndiyo, Mama. Kwa kijiko."

"Hilo la kijiko ndilo limeniuma," mama yake alisema polepole. "Kuchovya ni utoto. Kusawazisha ni kunificha."

Nabalayo aliinamisha kichwa. Ndipo Kanyiva akakohoa kidogo. "Mama Naba, samahani. Mama Wanja anapochota krimu, huwa ametoka kufanya nini?"

"Kufua nepi. Kumwogesha mtoto."

"Hukausha mikono kwanza?"

Mama Triza alicheka kidogo, kwa uchovu. "Nani aliye na nafasi hiyo na mtoto analia?"

"Basi kila atakayeinunua atatia kidole chenye maji. Zile tano ziliisha upesi, kabla ukungu haujaota. Nabalayo alikosa kwa kutotii, na hilo mtaongea ninyi wawili. Lakini krimu inayoshindwa na kidole kimoja haijawa tayari kuuzwa." Kwa mara ya kwanza aliinua macho, akamtazama Nabalayo. "Hicho kidole tutakihitaji."

Jumamosi Kanyiva alikuja na pakiti ndogo za vihifadhi na mizani aliyoazimwa. "Sikuvichota kazini," aliharakisha kusema. "Nimevinunua katika duka la kemikali." Walipika krimu kidogo mara nne na kuijaza katika vikopo vinne. A haikuwekwa kihifadhi chochote. B ilitiwa vitamini E. C ilitiwa benzoeti, unga mweupe unaowekwa kwenye sosi ya nyanya na maji ya matunda, ambao ulipatikana kwa urahisi. D ilitiwa mchanganyiko wa parabeni za aina mbili, unga ambao viwanda vingi vya krimu vilitumia.

"Weka kingi, basi, tulale salama," Mama Triza alisema.

"Hapana, Mama Naba. Kikizidi kinadhuru ngozi ya mtu. Kikipungua, ukungu unakicheka. Ndiyo maana nimeleta mizani." Akaonyesha jinsi ya kuyeyusha unga wakati maji yangali moto, kwa sababu ukiutia krimu ikishapoa hausambai.

Kazi ya Nabalayo ilikuwa kufanya kila siku waziwazi kile alichokuwa amefanya kwa siri. Baada ya kuosha vyombo, alichovya kidole chenye maji ndani ya kila kikopo. Ili kikopo kimoja kisiambukize kingine, kila kimoja kilipewa kidole chake: cha shahada kwa A, cha kati kwa B, cha pete kwa C, na cha mwisho kwa D. Kisha alifunika, akanawa kwa sabuni, akaviweka kwenye rafu iliyo juu ya jiko, palipo na joto, na kuandika katika daftari alichokiona. Krimu hizo hazikupakwa mtu. Wangengoja wiki nane.

Siku ya tisa, A iliota doa la kijani. Siku ya kumi na mbili, B ikafuata. Maingi, aliyekuwa akija kuchungulia dirishani ili apate la kumcheka Nabalayo shuleni, sasa aliingia ndani na kuuliza maswali.

"Cheki hiyo C," alisema. "Iko safi kabisa! Si nilikwambia? Sosi ya chipsi haiozi hata ikae mwaka."

"Wewe ulisema lini? Wewe ulikuwa unasema Naba Ukungu."

"Hiyo ni kitambo, bana."

Wiki ya tatu iliisha C na D zikiwa nyeupe kama siku ya kwanza, na mwisho wa Agosti ukakaribia. Mama Triza aliinua kikopo C, akakitazama kwa upendo.

"Hii inatosha," alisema. "Unga wake unapatikana kila mahali. Nikipika leo, Wehliye atapata katoni zake kwa siku aliyosema. Kanyiva, unaonaje?"

Kanyiva alitazama viatu vyake. Alifungua kinywa, akakifunga. "Ni… ni wewe mwenye krimu, Mama Naba," alisema.

Nabalayo alishika daftari lake kifuani. "Mama, tulisema wiki nane."

"Najua tulisema. Lakini Wehliye atachukua krimu ya mtu mwingine."

"Na kama Wanja mwingine atapata vipele?"

Mama Triza alimtazama binti yake, kisha daftari. Alikirudisha kikopo kwenye rafu, akaenda kuchukua kitambaa chake cha kichwa. Siku hiyo hiyo walikwenda Eastleigh, yeye na binti yake. Wehliye aliwasikiliza akiwa amesimama kati ya marobota ya nguo na masanduku ya manukato.

"Haraka ya nini, mama?" alisema. "Mteja akinirudishia kitu kilichooza, ananirudishia na jina langu. Kaa nayo. Siku utakayoiamini wewe mwenyewe, ilete."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Mama Triza alimshika Nabalayo mkono, ingawa alikuwa msichana mkubwa.

Wiki ya tano, siku ya Jumatano, Nabalayo alifunua C akaona kitone cha manjano, kidogo kama punje ya mtama. Alimwita mama yake. Mama Triza aliinama, akaona, akaketi. Kama wangepika siku ile, kitone hicho kingekuwa katika katoni tatu.

"Lakini kwa nini?" Nabalayo alimwuliza Kanyiva jioni. "Sosi haiozi na ina unga huo huo."

"Mwombe mwalimu wako karatasi za litmasi, tujue."

Kesho yake walichovya karatasi ya buluu ndani ya sosi ya nyanya, ikageuka nyekundu. Wakachovya nyingine ndani ya krimu mpya. Ilibaki buluu. Wakajaribu na nyekundu, ikabaki nyekundu.

"Sosi ina uchachu, krimu haina!" Nabalayo alipaza sauti.

"Ndivyo. Benzoeti inahitaji uchachu ili ifanye kazi vizuri. Kihifadhi kizuri si kile kinachosifiwa, ni kile kinacholingana na kitu unachokihifadhi."

D ilimaliza wiki nane bila doa. Hata hivyo Kanyiva alisema macho hayaoni kila kitu. Aliomba ruhusa kwa mkuu wake wa kazi, akaipima krimu hiyo katika maabara kwenye visahani vya kuoteshea vijidudu. Havikuota chochote. Ndipo Mama Triza akaigeuza sufuria kubwa, akawasha jiko, na kabla maji hayajachemka alikuwa anaimba.

Katoni za Wehliye zilipokuwa zikifungwa, Mama Wanja alibisha hodi. Wanja alikuwa kiunoni, mashavu yamenona, kifua safi. Tangu ile asubuhi, Mama Wanja na Mama Triza walikuwa wakisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya posta.

"Nimesikia wimbo," Mama Wanja alisema. "Nikasema, ameanza tena huyu."

"Nimeanza tena. Lakini sikutarajia wewe uje."

"Nimekuja kujaribu. Nitajipaka mimi kwanza, kwenye kiwiko. Wanja atangoja mpaka nione."

"Ni haki yako," Mama Triza alisema, akamwekea kikopo mkononi, akakifunika kwa viganja vyake vyote viwili. "Nisamehe, Teresiah. Nilijua kukoroga, sikujua ninachokoroga."

Mama Wanja aliitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga. "Nimesikia aliyekwambia ukweli ni huyu mtoto," alisema, akimgusa Nabalayo begani. "Mungu ambariki."

Hapo Kanyiva, aliyekuwa akifunga katoni pembeni, aliweka gundi chini. Uso wake ulikuwa umewiva. Nabalayo alidhani anataka kuondoka, lakini alikuja akasimama katikati ya jikoni, mikono imeshikana.

"Si yeye peke yake aliyekuwa na la kusema," alianza. Sauti yake ilitetemeka, lakini hakutazama viatu. "Mama Naba, siku ile nilipohamia hapa, ulinipa kikopo cha krimu kama zawadi. Niliinusa, nikakuuliza ulichotia, ukaniambia vitamini E. Nilijua siku hiyo hiyo kwamba itaoza. Nilijua, nikanyamaza. Nilijiambia wewe ni mtu mzima, mimi ni mgeni, nitaonekana najidai kwa sababu nimesoma. Nikaona kunyamaza ndiyo heshima. Mtoto akaumia. Na hata baada ya hapo, uliponiuliza kuhusu C, nikanyamaza tena, na aliyesema ni msichana wa darasa la saba." Alivuta pumzi, akamgeukia Nabalayo. "Wewe ulikuwa na kosa na ukalisema, tukajua pa kuanzia. Mimi nilikuwa na maarifa nikayaficha, na maarifa yaliyofichwa hayamponyi mtu. Ukijua jambo linaloweza kumdhuru mwenzako, liseme mapema, hata kama sauti inatetemeka hivi. Mama Wanja, nilipaswa kukwambia kabla hujampaka mtoto. Nilitaka kusema. Sasa nimesema."